Supachaja haifi ikafufuka: dhana potofu kuhusu gari linalopoteza nguvu na kuzirudisha

Gari linaupanda mlima Kitonga vizuri, kisha katikati linalegea. Unakanyaga mafuta, haliitikii. Unasimama, unazima, unawasha, nguvu zimerudi. Ukilifikisha gereji linakwenda kama jipya. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea, maana spea huanza kununuliwa kwa kukisia. Naandika nikiwaza hasa Mercedes C180 na C200 Kompressor (jina la Mercedes kwa magari yake yenye supachaja) zenye injini ya M271, ile ya lita 1.8 iliyoanza mwaka 2002, kwa sababu ndizo tunazokutana nazo sana. Mengi yanazihusu pia Range Rover na Mini Cooper S zenye supachaja.

Dhana: "Supachaja imekufa, katafute nyingine Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar es Salaam."

Ukweli: Supachaja ni pampu ya upepo inayozungushwa na mkanda wa injini. Ndani ina rota mbili, gia na beringi. Beringi ikisagika italia leo na kesho italia zaidi. Rota iliyokwaruzika haiponi kwa gari kuzimwa dakika tano. Kinachokuja na kuondoka kwa kawaida ni umeme, joto, upepo unaovuja, mafuta yasiyofika, au kompyuta ya gari iliyoamua kubana nguvu ili kuilinda injini.

SLK 230 ya mwaka 1996 ilikuwa na klachi ya umeme ya kuiunganisha na kuiachia supachaja. M271 haina klachi hiyo: supachaja inazunguka muda wote, na kuna kilango kinachoendeshwa na mota ndogo ambacho huurudisha upepo nyuma wakati hauhitajiki. Kilango hicho kikikwama wazi, supachaja inazunguka bure na gari linakuwa zito kama halina supachaja kabisa. Kikijiachia, nguvu zinarudi. Watu wameshang'oa supachaja nzima kwa sababu ya kilango. Kabla ya kushika spana, mwambie fundi akiamrishe kwa mashine ya kupimia kompyuta ya gari kifunguke na kufunga, aangalie kama kinatii.

Dhana: "Taa ya injini haijawaka, kwa hiyo hakuna hitilafu."

Ukweli: Misimbo mingi, yaani namba za makosa ambazo kompyuta huziandika, husubiri kosa lijirudie safari nyingine ndipo taa iwake, lakini mashine nzuri huisoma hata kabla. Tena kompyuta inaweza kuuchelewesha moto wa plagi kwa kuwa imesikia injini ikigonga, au hewa inayoingia ni ya moto mno, bila kuwasha taa yoyote. Wewe unahisi uzito tu.

Kwa sababu hiyohiyo, ninawasihi wenye magari: msikubali betri ichomolewe au misimbo ifutwe kabla haijasomwa na kuandikwa. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya gari wakati kosa linatokea: mwendo, joto, mzigo wa injini. Huo ndio ushahidi wenu pekee wa tukio ambalo fundi hakuliona.

Dhana: "Mashine imesema sensa ya hewa, nunua sensa ya hewa."

Ukweli: Msimbo unataja dalili. P0171, kwa mfano, unasema mafuta ni machache kuliko hewa. Hautaji nani kasababisha. Anayejua kazi atafungua vipimo vinavyosomeka gari likiunguruma, aangalie ni asilimia ngapi kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Ikiwa inaongeza sana gari likiwa sailensi (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta), kisha ongezeko linashuka ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta hewa ya wizi, yaani inayoingia bila kupimwa, baada ya kilango cha hewa cha injini. Kwenye M271, anza na zile hozi za mpira za kupumulia injini zilizojificha chini ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini). Joto huzikausha zikapasuka. Ikiwa sailensi ni sawa lakini ongezeko linapanda kadiri mzigo unavyozidi, shuku pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka. Geji ya presha ya mafuta, ikisomwa gari likiwa na mzigo, itatenganisha tatizo la mafuta na la sensa.

Kwenye supachaja kuna mtego wa ziada. Sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia, iko kabla ya supachaja. Hozi iliyochanika baada ya hapo haionyeshi kitu gari likiwa limesimama, lakini ukikanyaga, presha inaufungua mpasuko na hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje. Kompyuta inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo, gari linatoa moshi mweusi na kukosa pumzi. Mpasuko huo huonekana ukiikunja hozi kwa mkono, au kwa kupuliza moshi ndani ya mfumo. Kuangalia kwa macho hakutoshi.

Dhana: "Oili kidogo kwenye soketi ya waya haina neno."

Ukweli: Ina neno kubwa. Sumaku za umeme za kurekebisha kamshafti (shafti zinazofungua vali) za M271, mbele ya injini, huvujisha oili ndani ya soketi zake. Oili hupanda ndani ya waya kidogo kidogo hadi kwenye sensa nyingine na hata kwenye kompyuta ya injini. Chomoa soketi, ingiza kona ya tishu. Ikitoka na oili, badilisha sumaku, na ufunge zile waya fupi za kuunganishia zinazouzwa kwa ajili ya kuizuia oili isiendelee.

Dhana: "Mkanda haupigi kelele, basi ni mzima."

Ukweli: Mkanda wenye oili huteleza kimya. Mikanda ya kisasa pia haipasuki kama ya zamani. Mifereji yake hulika taratibu. Angalia na kikazio chake.

Dhana: "Supachaja haijali mwinuko."

Ukweli: Inajali sana. Kwa mizunguko ileile, supachaja ya mkanda huzidisha hewa iliyopo kwa kiwango kilekile. Tuseme inazidisha mara 1.5: Dar es Salaam, penye presha ya hewa ya kilopaskali 101, injini inapata kama 151. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni kama 82, na injini inapata 123. Tabo, inayozungushwa na moshi wa injini, inaweza kuongeza mwendo na kufidia. Supachaja imefungwa kwenye mkanda. Kwa hiyo gari linalolegea Mbeya kila siku, kwa kiasi kilekile, huenda halina ugonjwa. Likilegea leo na kesho asubuhi likavuta palepale, rudi kwenye vipimo, na safari hii mashine iachwe ikirekodi njiani.