Marathoni haikukimbiwa Olimpia, wala haina undugu na triatloni

Msimu wa marathoni ukiwadia, maneno huwa yale yale. Tunaambiwa Wagiriki wa kale walikimbia marathoni Olimpia, kisha tunaongezewa kwamba neno lenyewe ni ndugu wa triatloni, ule mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia. Yote mawili si kweli, na inachosha kuyasikia hata kwa watu wanaoipenda riadha kwa dhati.

Tuanze na umbali. Kwa mapokeo, michezo ya Olimpia ilianza 776 KK ikiwa na shindano moja tu, stadioni: unatoka ncha moja ya uwanja unafika nyingine, basi. Diaulo, kwenda na kurudi, iliongezwa 724 KK, na doliko, mbio ndefu, 720 KK. Uwanja wa Olimpia una mita 192 na ushei, yaani futi 600 za kipimo chao. Neno stadioni lilitaja kwanza urefu huo, likahamia kwenye mbio, mwisho likawa mahali; ndilo tunalolitamka leo stediamu. Vitabu vingi huandika kwamba doliko ilikuwa stadioni 24, kana kwamba jambo limekwisha. Halijaisha: maandishi ya kale hayakubaliani, mengine yanasema 7, mengine 20, mengine 24. Chukua hiyo kubwa kuliko zote, unapata mita 4,600 hivi. Hazifiki hata mbio zetu za mita 5,000.

Wala zisidharauliwe. Uwanja ule haukuwa na kona za mviringo. Ulikuwa umenyooka, kwa hiyo mkimbiaji wa stadioni 24 aligeuka mara 23, kila mara akivunja mwendo, akizunguka nguzo, akianza kujenga kasi upya. Hapo kwenye nguzo ndipo watu walipobanana na kupigana vikumbo. Kuanza nako kulikuwa kwa kusimama: mawe ya mstari wa kuanzia bado yapo Olimpia, yamechongwa mifereji miwili sambamba ya kukamata vidole vya miguu, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Aliyechomoka kabla ya wakati alichapwa fimbo.

Sasa yule tarishi anayesemekana alikimbia kutoka Marathon hadi Athens kutangaza ushindi, kisha akafa. Vita vya Marathon, kati ya Waathene na Waajemi, vilipiganwa 490 KK. Mwanahistoria Herodotus, aliyeandika katika karne hiyo hiyo ya vita, anamtaja Philippides (nakala nyingine zinasoma Pheidippides) akitumwa kutoka Athens kwenda Sparta kuomba msaada, akafika siku ya pili. Ni kama kilomita 240, na ilikuwa KABLA ya vita. Kuhusu mtu aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athens, akatangaza ushindi na kuanguka akafa, Herodotus hana hata neno moja. Anachosema ni kwamba jeshi zima lilirudi mbio kuuwahi mji, meli za Waajemi zisije zikaukuta mtupu. Kisa cha kifo kinajitokeza kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki, karibu miaka 600 baadaye, naye anampa mkimbiaji majina mengine kabisa: Thersippos au Eukles. Ni Lucian, mwandishi mwingine, katika karne ya 2 BK, anayembebesha Philippides kisa hicho.

Mbio za marathoni zenyewe zilibuniwa kwa ajili ya Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896, kwa pendekezo la Michel Bréal, mwanaisimu Mfaransa. Zilikuwa kama kilomita 40, akashinda Spyridon Louis. Kilomita 42.195 zilipimwa London 1908, zikawa kipimo rasmi 1921. Mtanzania John Stephen Akhwari alipomaliza akichechemea kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, mbio hizo zilikuwa na umri wa miaka 72.

Tuje kwenye neno, maana hapa ndipo ninapokosa subira. Marathon ni jina la mahali, na marathon kwa Kigiriki ni shamari, ile ile ya jikoni. Mmea huo umeandikwa hata kwenye vibao vya udongo vya Mykene, mji wa kale wa Ugiriki, kwa silabi ma-ra-tu-wo. Triatloni, pentatloni na dekatloni zinatoka kwenye athlon. Sikiliza hiyo l: triatloni inayo, marathoni haina na haijawahi kuwa nayo. Waliokata "-thoni" wakaunda telethoni (kipindi kirefu cha runinga cha kuchangisha fedha) walikata mmea katikati.

Na athlon maana yake ni tuzo. Athlētēs ni anayeshindania tuzo, ndiyo maana picha ya mwanamichezo wa kale asiyetaka chochote isipokuwa heshima haikai sawa. Olimpia yenyewe ilitoa taji la majani ya mzeituni mwitu, ni kweli. Lakini aliyerudi Athens na taji hilo alilishwa na mji bure maisha yake yote, na washindi wa michezo ya Panathenaia, ya Athens yenyewe, walipewa mafuta ya zeituni kwa mitungi, kila mtungi karibu lita 40, umechorwa mungu wa kike Athena upande mmoja na mchezo alioshinda upande wa pili.