Ufaafu wa mmea chotara hauonekani kwa macho

Kila mjadala unapozuka kuhusu mtama wa shambani kuzaana na mtama mwitu, kauli mbili hurudi. Ya kwanza inasema mimea chotara ni dhaifu, itakufa yenyewe. Ya pili inasema ina nguvu kuliko wazazi wake, kwa hiyo itageuka gugu sugu. Zote mbili hudai kuzungumzia ufaafu, na zote mbili hukosea kwa sababu moja: zinautazama mmea ulivyosimama, haziwahesabu watoto wake.

Ufaafu ni wastani wa watoto ambao mmea unawaacha katika kizazi kinachofuata, yaani watoto walioota, wakaishi na wao wakazaa, ukilinganishwa na mimea mingine ya mahali palepale. Ni hilo tu.

Kinacholeta mkanganyiko ni mbegu chotara za dukani. Mkulima wa mahindi anajua kwamba chotara hurefuka, hukomaa kwa pamoja na kujaza magunia. Hiyo ni nguvu ya uchotara, nayo hupimwa kwa mavuno. Sasa yaache mahindi hayohayo bila mkono wa mtu. Punje zimeng'ang'ania gunzi, gunzi limefungwa kwa maganda, na likianguka chini miche michache inayotoka husongamana mahali pamoja na kunyang'anyana maji. Mavuno ni makubwa, ufaafu wa porini unakaribia sifuri.

Kwa mtama hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa mtama wa shambani na ule mwitu ni spishi moja, Sorghum bicolor, wote wenye kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 20, na chotara wao kwa kawaida huzaa vizuri. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini mara nyingi asilimia 5 hadi 30 ya punje hutokana na chavua ya mimea mingine. Mtama mwitu ukichanua ukingoni mwa shamba wiki ileile na mtama wako, machotara watapatikana.

Tufanye hesabu kwa namba za kubuni. Mmea mwitu unatoa mbegu 1,000. Asilimia 40 zinavuka kiangazi zikiwa hai ardhini, na katika hizo asilimia 10 zinafikia kuzaa. Wanabaki 40. Mmea chotara ulio mkubwa zaidi unatoa mbegu 1,500, lakini nyingi zinaota kwa mvua ya kwanza ya kudanganya na kukauka, hivyo zinazovuka ni asilimia 20. Nazo asilimia 10 zinafikia kuzaa. Wanabaki 30. Ufaafu wa chotara ukilinganishwa na mtama mwitu ni 0.75, ingawa kwa macho ndiye aliyeonekana mshindi. Anayehesabu mbegu kwenye suke na kuishia hapo amepima hatua moja tu katika tatu.

Hatua hiyo ya kuvuka kiangazi ndiyo wengi huisahau, na ina jambo la kuangaliwa kwa karibu. Makapi yanayoifunika punje, na hata ganda la punje yenyewe, ni mwili wa mama, si wa mtoto. Mama akiwa mtama mwitu, punje chotara huvikwa makapi magumu meusi, hupukutika na kulala ardhini kama mbegu nyingine za mwitu. Mama akiwa mtama wa shambani, punje chotara hubaki kwenye suke, huvunwa, huwekwa ghalani na hupandwa mstarini na mkulima mwenyewe. Wazazi ni walewale, njia mbili tofauti kabisa. Jaribio lililotumia mama wa upande mmoja limejibu nusu ya swali.

Kisha kuna suala la vizazi. Chotara wa kwanza kwa kawaida hupukutisha mbegu, maana sifa hiyo ya mwitu hutawala. Kizazi cha pili sifa zinachanganyika upya: wapo wanaopukutisha na wasiopukutisha, wanaolala ardhini na wanaoota mara moja. Asili na palizi huchagua humo. Ndiyo maana wastani mdogo wa kizazi cha kwanza hauthibitishi kwamba ukoo utakwisha. Majaribio ya Kenya yaliyofuatilia vizazi vitatu yaliona mimea chotara kwa ujumla haikuwa nyuma ya wazazi wake wa mwitu.

Na mahali pana uzito wake. Mfano ulio wazi zaidi ni wa figili, uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2006. Koo zilizotokana na chotara wa figili ya bustani na figili mwitu zilikuwa nyuma kidogo kwa uzazi huko Michigan. California, koo hizohizo ziliishi kwa asilimia 22 zaidi na kuzaa kwa asilimia 270 zaidi ya figili mwitu. Ukiuliza ufaafu wa chotara huyo ni kiasi gani bila kutaja mahali, hakuna jibu.

Kwa hiyo badala ya kusema chotara ni dhaifu au ana nguvu, ni vyema kutaja mambo manne: kizazi cha ngapi, mama ni nani, analinganishwa na nani, na wapi, shamba lililopaliliwa au pori. Shambani kuyajua hayo kuna kazi. Miche ya chotara hufanana mno na mtama wenyewe hata jembe likaiacha. Hutambulika suke linapotoka, limetawanyika na makapi yake meusi. Ing'olewe hapo hapo pamoja na mizizi, kabla punje hazijaanza kupukutika, kwa kuwa shina lililofyekwa huchipua na kutoa suke jingine. Mbegu ya msimu ujao ichaguliwe katikati ya shamba, mbali na ukingo.