Sahani Iliyobaki Mezani

Kila ninapofundisha fasihi ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, swali hujirudia: mwanamke katika hadithi hizi anakuwa huru lini? Wanafunzi wengi hutafuta mlango, yaani siku anayofunga mizigo akaondoka. Mimi huwarudisha mezani.

Katika The House on Mango Street, kitabu cha Sandra Cisneros kilichotoka 1984, Esperanza ni msichana anayekulia katika mtaa wa Walatino jijini Chicago. Jina lake ni la bibi wa ukoo, vizazi vitatu nyuma, aliyekataa kuolewa mpaka mwanamume akamfunika gunia kichwani na kumbeba. Tangu hapo bibi huyo alimaliza maisha yake dirishani, ameshika tama. Esperanza anasema wazi: jina amelirithi, ile nafasi ya dirishani haitaki.

Na mtaa wenyewe umejaa madirisha. Rafaela hufungiwa ndani na mumewe, anayeogopa kwamba mke mzuri hivyo atatoroka. Jumanne jioni mume akiwa kwenye domino, Rafaela huwatupia watoto dola moja wamnunulie juisi ya nazi au ya papai, kisha huteremsha kamba kuupandisha mfuko. Sally anaolewa angali mtoto wa shule, na Esperanza anahisi ni njia ya kukimbia kipigo cha baba. Mume anamkataza hata kuchungulia nje.

Matarajio haya yana mizizi. Mwandishi Gloria Anzaldúa, katika kitabu chake Borderlands/La Frontera cha 1987, anaeleza jinsi Bikira wa Guadalupe, yaani Bikira Maria anavyoheshimiwa Meksiko, alivyotumiwa kuwafundisha watu utii na uvumilivu, naye La Malinche, mwanamke mwenyeji aliyekuwa mkalimani wa Cortés, Mhispania aliyeiteka Meksiko, akageuzwa alama ya aibu. Ukishalelewa kati ya hao wawili, mtakatifu na msaliti, hata kuinuka mezani kuna uzito.

Ndiyo maana naupenda sana ukurasa ambapo Esperanza anaanza vita vyake vya kimyakimya. Akimaliza kula anaondoka kama wanaume wanavyoondoka: kiti hakirudishi, sahani haiondoi. Naupenda, na unaniuma, kwa sababu sahani haijioshi. Nani ataichukua? Kitabu hakisemi. Lakini kisa kinachofuata papo hapo ni cha mama yake, yuko jikoni, anakoroga uji. Siamini kwamba mpangilio huo ni wa bahati.

Mama huyu anajua lugha mbili, anaimba opera, anaweza kutengeneza televisheni. Ila hajui ni treni ipi ya kumfikisha katikati ya jiji. Aliacha shule kwa aibu ya kukosa nguo nzuri, ilhali akili alikuwa nazo tele. Anamsihi binti yake asome. Uasi wa binti unamwongezea chombo cha kuosha, na bado yeye ndiye anayemsukuma aende mbele. Mhakiki anayemsifia Esperanza akampita mama huyu amesoma nusu ya kitabu.

Jirani yao Alicia amefiwa na mama, akarithi mti wa kusukumia tortila, mikate myembamba kama chapati. Baba anamwambia nafasi ya mwanamke ni kulala mapema ili aamke na nyota ya alfajiri kupika. Alicia anaamka, anapika. Halafu anakwenda chuo kikuu, treni mbili na basi moja.