Mtoto anayetumwa bia baa
Mjini Kigoma na Ujiji, wapo wengi wanaoamini kwamba mwenye baa hakosei akimuuzia bia mtoto aliyetumwa na mzazi, kwa kuwa atakayeinywa ni mtu mzima. Imani hiyo inaeleweka, maana kumtuma mtoto dukani ni desturi yetu. Hata hivyo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza mtoto kuruhusiwa kuingia baa, na inamtwika mwenye baa wajibu wa kuhakikisha kwamba hauziwi pombe. Kwa maoni yangu ni haki, kwani ndiye mwenye leseni. Mwenye shaka asome kifungu cha 17, au amuulize afisa biashara wa halmashauri.