Kukanusha herufi si kukanusha neno

Wengi wanaoandika rejeksi, yaani ruwaza za kutafutia maandishi, huamini kwamba [^paka] hulingana na kila kitu kisichokuwa neno "paka". Sivyo: alama ya ^ ndani ya mabano ya mraba hukanusha herufi moja moja, hivyo ruwaza hiyo hukubali herufi yoyote isipokuwa p, a na k, na hata neno "kapa" hukataliwa lote. Amri ya grep -v, inayotafuta ruwaza katika mistari ya maandishi na kuacha nje ile inayolingana nayo, nayo huondoa mstari mzima, pamoja na sehemu unazozihitaji. Njia iliyo wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuiacha ruwaza itafute kile usichokitaka, kisha kuyakata maandishi hapohapo: katika lugha ya programu ya Python, amri ya re.split yenye ruwaza [0-9]+ (tarakimu moja au zaidi) huligawa "mbwa12kuku7bata" kuwa "mbwa", "kuku" na "bata".