Nusu kaputi ikienda kombo: maswali ya wagonjwa wa Mombasa

Nilidungwa sindano ya mgongo nikazalishwa kwa upasuaji. Siku ya pili kichwa kiliniuma hata nikashindwa kukaa kumnyonyesha mtoto. Walinikosea? (Mama, Kisauni)

Pole, mama. Mara nyingi hilo si kosa. Sindano hutoboa utando unaozingira uti wa mgongo, na maji ya ndani yakivuja, kichwa huuma ukikaa na kupoa ukilala. Ni athari inayojulikana, na ina matibabu. Kosa ni wewe kulalamika ukaambiwa "vumilia" bila kupimwa. Ukiona homa pamoja na shingo kukakamaa, miguu kuishiwa nguvu au mkojo kukutoka wenyewe, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Basi uzembe ni upi?

Ni mtaalamu kufanya lile ambalo mwenzake makini asingefanya, au kuacha lile ambalo angefanya, nawe ukadhurika kwa sababu hiyo. Kwa mfano: mpira wa kupumulia kuingizwa kwenye umio badala ya koo la hewa na hakuna aliyegundua, mgonjwa kuachwa peke yake akiwa usingizini, kutoulizwa kama kuna dawa inayokudhuru.

Na wewe sema kweli kuhusu ulichokula na kunywa. Chakula chepesi huachwa kwa muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, maji matupu saa 2, kwa sababu kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Miraa na muguka pia vitaje, hata kama mama mkwe amesimama kando. Vinapandisha presha na mapigo ya moyo, na anayekulaza usingizi anahitaji kujua.

Niliwasikia wakizungumza nikiwa nimepasuliwa. Naambiwa niliota.

Huenda hukuota. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2014 ulipata takriban kisa 1 cha namna hiyo kilichoripotiwa kwa kila wagonjwa 19,000 waliolazwa usingizi kamili. Kama ulipewa sindano ya mgongo au ganzi tu, kusikia ni kawaida, maana hukukusudiwa kulala. Andika uliyoyasikia upesi, kabla jamaa hawajakuongezea yao.

Nilitia sahihi fomu. Haki yangu imekwisha?

La. Sahihi ni kukubali hatari ulizoelezwa, si kukubali uzembe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hatari na njia mbadala, kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana. Fomu ya Kiingereza iliyosukumwa mbele ya bibi wa Likoni huku kitanda kinakokotwa kwenda thieta si maelezo hayo.

Nilalamike wapi?

Kwanza ujue ni nani aliyekulaza usingizi. Kenya, wengi wanaofanya kazi hiyo si madaktari bali ni matabibu waliosomea usingizi, nao wana baraza lao. Daktari hushtakiwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linaloweza kumsimamisha kazi. Fidia hudaiwa mahakamani, na huko utahitaji mtaalamu mwingine aeleze kosa lilikuwa wapi.

Angalia sana kalenda. Kesi ya uzembe dhidi ya hospitali ya kibinafsi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya hospitali ya serikali ni miezi 12 tu, na wengi hupitwa nayo wakingoja barua ya kuombwa radhi. Muone wakili mapema.

Hospitali inanizungusha kuhusu faili.

Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari unayohitaji ili kutetea haki yako, hata ikiwa mikononi mwa hospitali ya kibinafsi. Omba hasa karatasi ya usingizi: ile yenye vitone vya presha na mapigo ya moyo vinavyowekwa kila baada ya dakika chache, pamoja na oksijeni na saa ya kila dawa. Pengo la dakika 20 kwenye karatasi hiyo litamfaa wakili wako kuliko mashahidi wa ukoo mzima. Omba kwa barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.