Miwani ya mwanga wa bluu haitamtoa mtoto ndani

Wazazi wengi wakimleta mtoto anayecheza gemu kwenye kliniki yangu ya macho, huja na ugonjwa na dawa yake kabla sijashika tochi: mwanga wa skrini umemuunguza macho, kwa hiyo anahitaji miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Wengine wameshainunua.

"Mwanga wa bluu ndio unaoharibu macho"

Skrini hutoa mwanga wa bluu, ni kweli. Jua hutoa mwingi kuliko skrini yoyote, na sijaona mzazi akimvalisha mtoto miwani hiyo ili akacheze mpira. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walichambua majaribio 17 ya miwani hii, wakaona kwamba kwa uchovu wa macho wa muda mfupi huenda haizidi miwani ya kawaida kwa lolote. Aliyenayo aivae, haimdhuru. Kinachoniudhi ni kwamba ikishavaliwa tu, saa mbili za gemu zinakuwa nne, eti macho yamekingwa.

Kuwasha na wekundu baada ya gemu mara nyingi hutokana na kutopepesa. Mtu aliyetulia hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Mpe mechi anayokaribia kushinda, kisha umhesabie: mara tano, labda saba, na baadhi yake kope hazikutani. Kila tukipepesa tunatandaza machozi upya juu ya konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Yasipotandazwa, utando wake unakatika na konea inakauka. Jicho likishaumia hivyo hububujikwa na machozi, ndipo ninapoulizwa: "Daktari, jicho linatiririka hivi litakuwaje kavu?" Ni kavu. Hayo ni machozi ya kujihami, yanamwagika shavuni bila kukaa panapohitajika.

Halafu kuna umbali. Mtazame mtoto na simu: viwiko vimebana mbavu, kidevu kiko kifuani, pua inakaribia kugusa kioo. Kwenye sentimita 25 jicho linalazimika kukaza lenzi kwa dayopta 4 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Gemu ileile kwenye televisheni iliyo mita 2.5 inadai dayopta 0.4 tu. Ndiyo maana akitoka kwenye simu akaangalia chati yangu ukutani, herufi zinaweza kumjia na ukungu kwa muda. Huo huisha.

Isiyoisha ni maiopia, yaani kutoona mbali vizuri, jicho linaporefuka kupita kiasi. Kazi ya karibu ya muda mrefu inahusishwa nayo, iwe gemu au kitabu, ingawa kitabu hakishtakiwi na mtu. Lakini ushahidi ulio imara zaidi ni wa muda ambao mtoto anakaa nje. Taa za ndani hutoa laksi (kipimo cha mwanga) mia chache. Nje mchana, hata kivulini, ni maelfu. Inaaminika mwanga huo huchochea dopamini, kemikali ya mwili, kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo dopamini hupunguza kasi ya jicho kurefuka. Taiwan ilianza mwaka 2010 kuhimiza shule ziwatoe wanafunzi nje dakika 120 kwa siku, na idadi ya watoto wenye uoni hafifu, iliyokuwa ikipanda miaka nenda rudi, ikaanza kushuka. Kwa hiyo mzazi anayehangaika kumpunguzia mwanga mtoto wa gemu anamnyima kile kile anachokosa.

Ushauri wangu, na sichoki kuurudia: gemu ihamie kwenye televisheni, na saa mbili za nje ziwe kwenye ratiba kabla ya gemu, si baada yake. Ile kanuni ya kutazama mbali kila dakika 20 ni nzuri, ila hakuna atakayesimamisha mechi ya mtandaoni. Kila mechi ikiisha, ainuke, atazame dirishani, apepese.

"Akivaa miwani ya kuonea mbali macho yatazidi kuharibika"

Hapana. Utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watoto waliopewa miwani yenye nguvu pungufu, maiopia yao ilikua haraka kuliko ya waliopewa nguvu kamili. Avae aliyopimiwa.

"Kucheza gizani kunapofusha"

Kunachosha tu. Washa taa, punguza mwangaza wa skrini.

"Ukikaribia televisheni, mionzi itakumaliza"

Hofu hii ilikuwa na msingi mwaka 1967, kampuni ya General Electric ilipotangaza kwamba baadhi ya televisheni zake za rangi zilivuja eksirei kupita kiasi. Skrini bapa za leo hazitoi eksirei. Ila mtoto anayeisogelea kila mara huenda haoni mbali, na hilo ndilo la kushughulikia.

"Gemu hazina faida yoyote kwa macho"

Utafiti wa mwaka 2009 uliwafunza watu wazima kwa gemu za mapambano, wakawa bora katika kutofautisha vivuli vya kijivu vinavyokaribiana. Msikimbilie kuwaambia watoto.

Anayekodoa macho, anayeinamisha kichwa upande au anayefumba jicho moja akitazama kitu, huyo aje apimwe wiki hii, hata kama hajawahi kushika gemu.